Mazoezini moto, mechini baridi: tafuta kwanza presha inakubania wapi

Ushauri anaopewa mchezaji mwenye presha kuliko wowote ni "tulia", na ni ushauri ambao haujamsaidia karibu mtu yeyote, kwanza angekuwa anajua namna ya kutulia si angeshatulia, halafu kuna wachezaji ambao shida yao wala sio mchecheto, wamepoa mno, ukiwapoza zaidi ndo umewamaliza kabisa. Presha ya mechi sio kitu kimoja. Kuna inayokaa tumboni, kuna inayokaa kichwani, kuna inayotoka kwa watu waliokuzunguka, na kuna ambayo watu wanaiita presha kumbe ni njaa au pumu. Dawa ya hii inaweza kuharibu ile. Kwa hiyo hapa tunaenda dalili kwa dalili, isome inayokuhusu, nyingine ruka tu.

Ila kabla hujaruka jiulize swali moja: inaanza lini? Usijiulize "kwa nini naogopa", hilo litakupeleka mbali na mechi ni Jumamosi. Lini. Usiku wa kuamkia mechi? Ukiwa unavaa viatu? Dakika za kwanza? Mkishafunga? Ukishapoteza mpira mmoja? Au mpaka ukabidhiwe penati? Ukishajua saa inayoanzia, nusu ya kazi imeisha.

Tumbo linavuruga, chooni kila baada ya dakika tano, mikono ya baridi

Hii ndo inayotisha watu wengi na ndo yenye hatari ndogo kuliko zote. Mwili umehisi kuna jambo, umemwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inapungua tumboni na kwenye ngozi inapelekwa kwenye misuli mikubwa ya kukimbilia. Tumbo likinyimwa damu linalalamika, vidole vikinyimwa vinakuwa baridi, kibofu nacho kinaanza fujo zake. Hakuna kilichoharibika hapo. Wachezaji waliocheza fainali nyingi wanapitia hayo hayo, tofauti ni kwamba wao wakisikia tumbo hawaanzi kujiambia "nimeisha leo".

Na hapo ndo penye tatizo lenyewe, sio tumbo bali maana unayolipa. Unasikia moyo unadunda, unasema naogopa, ukisema naogopa unadunda zaidi, mnaenda hivyo hadi filimbi. Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard anaitwa Alison Wood Brooks alitoa utafiti ambao kwa ufupi unasema watu walioambiwa wajisemee kwa sauti kwamba wamechangamka na wana hamu walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia, kwenye kuimba, kuhutubia na hesabu. Sio uwanjani, ndio, lakini mantiki inaingia kabisa: woga na hamu mwilini vinafanana sana, moyo ule ule na jasho lile lile, kwa hiyo kubadilisha jina ni kazi nyepesi kuliko kuzima injini yote. Sema "nina hamu, twende". Utajiona mjinga mara ya kwanza, sema tu.

Kama mapigo yamezidi hadi huwezi kumsikiliza kocha, tumia pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6, dakika tatu au nne. Siri iko kwenye kutoa, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta moyo unapunguza kasi wenyewe. Watu wengi wakiambiwa "vuta pumzi" wanavuta limpumzi likubwa mfululizo mara kumi, wanaishia kizunguzungu halafu wanaamini sasa wanaumwa kweli.

Chakula: mlo wenyewe uwe masaa 3 au 4 kabla, kitu chepesi cha wanga saa moja kabla kama tumbo linakubali, na kama huwa unatapika basi nenda na kitu cha kunywa badala ya kutafuna. Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu angalia sana, kafeini inachukua kama masaa 5 nusu yake tu kutoka mwilini, sasa wewe tayari una adrenalini ya kutosha halafu unaongeza kopo zima nusu saa kabla, mikono ikitetemeka unasema ni presha.

Kuhusu kukosa usingizi usiku wa mwisho, achana nao. Usiku mmoja mbovu hauui mechi, mwili unabebwa na usingizi wa wiki nzima. Kinachoua ni kulala macho saa nane usiku ukipiga hesabu umebakiza masaa mangapi.

Miguu mizito, kama umevaa viatu vya chuma, dakika kumi za mwanzo

Hapa kuna sababu mbili zinazopingana na lazima ujue yako ni ipi.

Moja, umekaza. Jiangalie mabega yako yako wapi, kama yamepanda kuelekea masikioni, taya limebana, raketi umeishika kama mtu atakunyang'anya, pumzi inaishia kifuani juu juu, hiyo ni kukaza. Misuli inayokunja na inayokunjua zinavutana kwa wakati mmoja, kwa hiyo unatumia nguvu nyingi kwenda polepole, na dakika ya nane umekata pumzi wakati wiki nzima ulikuwa unakimbia bila shida. Dawa ni kulegeza, na njia rahisi ni kukaza kwanza kwa makusudi: kunja ngumi kwa nguvu zote sekunde tano, achia, pandisha mabega, achia. Eliud Kipchoge anaonekana anatabasamu kilomita za mwisho za marathoni wakati wenzake wamekunja sura, na ameshaeleza kwamba tabasamu lile ni la makusudi, linamsaidia kulegea na kuyavuka maumivu. Uso ukilegea na mabega yanafuata.

Mbili, umelala. Unafika kwenye mpira nusu hatua umechelewa, huna hasira yoyote, unawaza utakula nini baadaye. Huyu sasa ukimpa zoezi la pumzi unamlaza kabisa. Anahitaji mbio fupi tano za kasi kamili, kuruka, kelele, muziki, kusukumana na mwenzake. Wachezaji wazuri wanaokutana na timu dhaifu wanaumwa sana ugonjwa huu.

Kuna mchoro maarufu unaotokana na kazi ya Yerkes na Dodson ya mwaka 1908, ule kama mlima: hamasa ikipanda kiwango kinapanda, ikizidi kinashuka. Walikuwa wanajaribu panya, tusiupe uzito kuliko unavyostahili, lakini makocha wanaushikilia kwa sababu wanauona kila wiki. Na kilele hakiko sehemu moja kwa kila mchezo. Mnyanyua vyuma anaweza kupigwa makofi mgongoni akaingia anaunguruma akafanya vizuri, mlenga shabaha akiingia hivyo atapiga ukuta.

Kwa wote wawili, upashaji misuli ufikie kasi ya mechi kabla ya mechi. Ukipasha kwa kutembeatembea na danadana mbili, dakika kumi za kwanza za mechi ndo zinakuwa upashaji wako, na mpinzani hakusubiri. Halafu panga mambo matatu mepesi ya kuanzia, pasi fupi, kukaba mtu wako, kukimbilia mpira uliopotea. Usianze na krosi ya mita arobaini.

Mazoezini unawaka, mechini hauonekani

Nitakaa hapa muda mrefu kidogo kwa sababu hii ndo malalamiko namba moja, na majibu yake yanayozoeleka ("hana moyo", "ni mchezaji wa mazoezini tu") ni ya uvivu.

Angalia mazoezi yenyewe yakoje. Unapiga faulo ishirini mfululizo kutoka sehemu ile ile. Ya kwanza imepaa, ya pili imegonga ukuta, ya sita imeingia, ya saba imeingia, unaondoka unajisikia fundi. Kwenye mechi unapewa moja, baada ya dakika thelathini za kutougusa mpira uliosimama, miguu imechoka, na ukikosa hakuna wa kukurudishia mpira. Sasa ulichofanyia mazoezi ni faulo ya saba, unachoulizwa kwenye mechi ni ya kwanza. Hizo ni kazi mbili tofauti. Presha hapo imefichua tu pengo ambalo lilikuwepo siku zote.

Ukitaka kujua ukweli wako, acha kuhesabu jumla, hesabu ya kwanza tu. Kila siku ya mazoezi, kabla hujazoea, piga moja, andika imeingia au haijaingia, ondoka. Baada ya wiki kadhaa hiyo ndo asilimia yako ya mechi, na mara nyingi inauma kuiangalia.

Halafu badilisha mazoezi yawe na gharama. Simaanishi adhabu za kukimbizwa hadi watu watapike, namaanisha kuwe na kitu kinachopotea. Mfano: mwisho wa mazoezi ya basketi, kila mtu amechoka anataka kuondoka, kocha anamchagua mtu mmoja bila kumwambia mapema, mitupo huru miwili, akiingiza yote timu inaondoka, akikosa mmoja wote wanakimbia uwanja mara mbili. Wenzake wamesimama pembeni mikono kiunoni wanamwangalia, mmoja anakohoa kwa makusudi, mwingine anamwita jina. Utaona mtu aliyeingiza minane kati ya kumi robo saa iliyopita anaudunda mpira mara tisa badala ya tatu. Ndicho unachokitafuta, hicho kitokee huku Jumanne kisije kumshangaza Jumamosi. Presha ya mazoezini haitafika ile ya mechi, na haihitaji kufika, hata kidogo tu inamzoesha mtu kupiga huku mwili unadunda.

Na fanyia mazoezi mambo kuharibika. Mwogeleaji Michael Phelps kwenye fainali ya mita 200 ya mtindo wa kipepeo, Beijing 2008, miwani yake ilijaa maji, akawa haoni ukuta, akahesabu mipigo ya mikono yake hadi mwisho, akachukua dhahabu na rekodi ya dunia juu. Alikuwa anajua idadi ya mipigo kwa kila urefu wa bwawa, na kocha wake Bob Bowman alikuwa na tabia ya kumwekea vikwazo vya makusudi miaka yote. Wewe unaweza kuanza na vidogo: cheza na mpira usioupenda, anza mazoezi ukiwa nyuma mabao mawili, mwambie mtu awe refa mbovu mbovu na asibishiwe.

Mpira umesimama, wewe umesimama, dunia nzima imesimama

Penati, mtupo huru, kuanzisha mpira kwenye tenisi na wavu. Mchezo ukiwa unaenda huna nafasi ya kuwaza, hapa una sekunde za kutosha kujiharibia.

Kinachotokea mara nyingi sio kwamba umesahau kupiga, ni kwamba umeanza kukumbuka. Kitu ambacho mwili unakifanya wenyewe kwa miaka sasa unataka kukisimamia kipande kwa kipande, mguu wa kushoto nauweka wapi, kifundo nikikaze kiasi gani. Jaribu kushuka ngazi huku unawaza kila goti linavyokunja uone kama hutajikwaa. Ndo maana mgeni wa mchezo akiambiwa azingatie mbinu anasaidika, ila fundi akiambiwa hivyo dakika ya 90 anaharibikiwa. Kwa hiyo makocha, tafadhali, "kaza kifundo!" mtu akiwa anaweka mpira kwenye alama sio msaada.

Kosa la pili ni haraka. Mtu anataka jambo liishe. Mtafiti Geir Jordet wa Norway amechambua mikwaju ya penati ya mashindano makubwa kwa miaka, na moja ya vitu alivyoonyesha ni kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia wanakosa zaidi ya wanaojipa muda kidogo. Kingine, mkwaju ambao ukikosa timu inatoka unaingia mara chache kuliko ule ambao ukifunga timu inashinda. Umbali ni mita 11 zile zile, goli ni lile lile, kilichobadilika ni unachowaza tu.

Sasa dawa ni ratiba yako ndogo isiyobadilika. Tuichukue penati. Mpira uweke mwenyewe, usikubali kurushiwa ukiwa unatembea, uzungushe hadi valvu ikae unapotaka. Rudi nyuma hatua zile zile za siku zote, na kama unaweza rudi ukiwa unaangalia goli, wengi wanampa kipa mgongo kwa sababu hawataki kumwona na huo ni mwanzo wa kukimbia. Uamuzi wa kona umeshafanyika toka mazoezini, hauguswi tena. Filimbi ikilia, usiende. Toa pumzi moja ndefu. Angalia mpira, sehemu utakayoigusa kwenye mpira, jicho likae hapo. Neno moja kichwani kama "legeza" au "pitiliza", neno la mdundo sio la maelekezo. Nenda.

Hilo la jicho lina ushahidi. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary kule Kanada aliwavalisha wachezaji vifaa vya kufuatilia macho na kukuta kwamba mafundi wanatuliza jicho sehemu moja mapema na kwa muda mrefu zaidi kabla ya kitendo, wasio mafundi macho yanaruka ruka. Chini ya presha macho ndo ya kwanza kuanza kurukaruka, kipa, refa, jukwaa, kipa tena.

Ratiba iingie kwenye muda unaoruhusiwa lakini. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi duniani, una sekunde 5 tu ukishapewa mpira kwa mtupo huru, kwenye wavu 8 baada ya filimbi, kwenye tenisi 25 kati ya pointi na pointi. Usitengeneze sala ya dakika nzima halafu refa akukatishe katikati, hapo utakuwa umeongeza presha mwenyewe.

Mnaongoza, halafu ghafla hakuna anayejua kupiga pasi

Fainali ya tenisi ya wanawake Wimbledon 1993, Jana Novotna anaongoza gemu 4-1 seti ya tatu dhidi ya Steffi Graf, anaanzisha yeye, pointi moja tu awe 5-1. Akakosea kuanzisha mara mbili mfululizo, pointi ikapotea. Graf akachukua gemu zote tano zilizofuata na kombe. Mkono uliomfikisha 4-1 ulikuwepo bado, kilichotoweka ni sababu ya kupiga. Mwanzo alikuwa anapiga ili apate, sasa anapiga ili asipoteze, na mtu anayepiga ili asipoteze anaupunguza mkono, anachagua usalama, anawaza hotuba. (Alirudi akalichukua kombe hilo mwaka 1998, kwa hiyo yale mambo ya "ameshavunjika yule" yaachwe.)

Utajuaje ni hii? Mnarudi nyuma bila kuambiwa. Mnaangalia saa. Mnabutua mpira ambao dakika ishirini zilizopita mngeutuliza. Dawa ni kukubaliana mapema, kabla ya mechi, kwamba tukiongoza tunafanya nini, na jibu liwe kitendo: tunaendelea kukaba juu hadi dakika ya 80, au naendelea kupiga kwa mkono wa nyuma upande ule ule uliokuwa unamsumbua. "Tusilegee" haifanyiki, hakuna misuli ya kutolegea. Na saa asiiangalie kila mtu, kazi hiyo ni ya nahodha na benchi.

Kosa moja linazaa matano

Umetoa pasi mbovu, wamefunga. Dakika kumi zinazofuata uko uwanjani kwa mwili, kichwa kimebaki kwenye ile pasi. Kuna wanaojificha na kuna wanaotaka kulipa hapo hapo, wanaingia kwa miguu miwili, wanapiga mashuti toka mbali, na hawa wa pili ni hatari zaidi kwa sababu kwa nje wanaonekana wana moyo.

Robo fainali ya Kombe la Dunia 2010, Ghana na Uruguay, sekunde za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, Asamoah Gyan anapata penati ambayo ingeipeleka timu ya Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza, anagonga mwamba wa juu. Dakika chache baadaye yuko pale pale kwenye alama, mkwaju wa kwanza wa Ghana kwenye zile tano, anafunga. Ghana walitoka, ndio, na watu wanakumbuka mwamba tu, lakini kwenda kuupiga ule wa pili mi naona ni moja ya mambo magumu kuliko yote niliyoona kwenye mpira.

Huwezi kujiambia "sahau" ukasahau. Unachoweza ni kuupa mwili kitu cha kufanya kinachoashiria tukio limeisha: vua glovu uvae tena, gusa chaki, geuka upe goli mgongo, toa pumzi, halafu jiulize mpira uko wapi na mtu wangu yuko wapi. Kulaani kwa sekunde tatu ruksa kabisa. Mchambuo wa kosa una muda wake, ni baada ya mechi, na ukiupangia muda kweli kichwa kinakubali kusubiri. Wachezaji wenzako nao wana kazi hapa, kile kitendo cha kurusha mikono mwenzako akikosea kinamwongezea mzigo mara mbili na hakijawahi kurudisha bao.

Hutaki mpira, au unaumia kila wiki ya mechi kubwa

Simama nyuma ya beki wao uone nani atakupasia. Hakuna, na hilo ndo lengo. Nyingine: nyama za paja zinauma kuanzia Alhamisi ya mechi kubwa na zinapona Jumatatu. Simwiti mtu mwongo, maumivu anayasikia kweli, ila angalia kalenda. Mtu anajiandalia sababu mapema ili akishindwa isiwe yeye, iwe paja. Wapo pia wanaofanya hivyo kwa kulala saa tisa usiku au kutofanya mazoezi vizuri wiki ile.

Hapa nguvu ya kujilazimisha haifanyi kazi sana. Kinachosaidia ni kupunguza ukubwa wa kinachopimwa. Badala ya "leo nionekane", jipe kazi tatu zilizo mikononi mwako, kuomba mpira mara nyingi hata usipopewa, kurudi kukaba kila tukiupoteza, kuongea na beki wako. Matokeo yana wapinzani, refa na mvua ndani yake, hizo kazi tatu hazina.

Presha ina jina la mtu

Kama unacheza vizuri mechi ambazo baba hajaja, jibu unalo. Wazazi wengi hawana nia mbaya, wanaanza mchambuo kwenye gari kabla mtoto hajavua soksi, na mtoto anajifunza kwamba kila mechi ina kipindi cha tatu. Mzazi anayesoma hapa: baada ya mechi sema umefurahi kumwona anacheza, uliza ana njaa, basi. Akitaka kuongelea mpira ataanza yeye.

Kocha anayefoka kila mguso ni ngumu zaidi kwa sababu huwezi kumwambia abaki nyumbani. Ongea naye siku ya kawaida, sio siku ya mechi, na mpe ombi moja maalumu: "kocha, nikikosea naomba uniambie cha kufanya kinachofuata". Wengi wanakubali, kwa vile wao wenyewe wana presha.

Simu weka mbali toka asubuhi ya mechi hadi kesho yake. Hata ujumbe wa kusifia ni mzigo.

Dalili ambazo sio za kujitibu kwa pumzi

Kifua kubana, kukohoa na mluzi kifuani, hasa dakika kadhaa baada ya kukimbia kwa nguvu, inaweza kuwa pumu inayoamshwa na mazoezi, na watu wanaiita kupaniki miaka na miaka. Kuchoka kusikoisha, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi nzito, pima damu na madini ya chuma. Kiwango kinashuka wiki kwa wiki, usingizi mbovu, hasira, mapigo ya asubuhi yamepanda kuliko kawaida yako, huenda umezidisha mazoezi na dawa ni kupumzika. Ukizimia au kupata maumivu ya kifua ukiwa unakimbia, usicheze tena hadi daktari akuone, hapo hakuna mjadala.

Na kuna ile ya kupotea kabisa. Simone Biles, mchezaji wa jimnastiki wa Marekani, kwenye fainali ya timu ya Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, aliruka akiwa amekusudia kuzunguka hewani mara mbili na nusu, akazunguka moja na nusu, akawa hajui yuko wapi hewani, akajitoa. Kelele zilikuwa nyingi, eti amekimbia. Kwenye mchezo ambao ukitua vibaya unavunja shingo, kujitoa ndo uamuzi wa kiufundi uliokuwa sahihi. Siku chache baadaye alirudi kwenye boriti, ule ubao mwembamba wanaorukia juu yake, akapata shaba, na Paris 2024 akachukua dhahabu tatu. Kwa hiyo kama mchezo wako una urefu, kasi au kichwa kuwa hatarini na mwili umeacha kutii, unashuka, na unarudi kuanzia mruko mdogo kabisa kwenye godoro laini.

Kama presha imetoka uwanjani ikakufuata nyumbani, hulali wiki kadhaa, huli, unalia bila sababu, mchezo uliokuwa unaupenda unautapikia, tafuta mwanasaikolojia, wa michezo kama yupo na wa kawaida kama hayupo. Nenda na ile orodha yako ya "lini", siku, saa na kilichotokea kabla, itamwokolea muda mwingi kwenye kikao cha kwanza.